Umeshameza P2, Sasa Hesabu Siku

Wanangu, katika kazi yangu ya uuguzi na ukunga, swali nililoulizwa kuliko yote halikuwa la kutaka dawa. Lilikuja baada ya dawa. Binti anaingia, anafunga mlango, anakaa ukingoni mwa kiti, kisha ananong'ona: "Mama, nilimeza P2 na siku zangu hazijafika." Wengine walikuwa wanachuo, wengine wadada wa kazi, wengine wake za watu wenye vichanga mgongoni. Hofu yao ilikuwa moja.

Kama ungenijia kabla, ningekuambia usubiri, na ningekueleza kwa nini. Lakini leo nasema na aliyekwisha kumeza, na kumkaripia huyo hakumsaidii. Ninachokuonya leo ni hofu yenyewe. Nimeona hofu ikimtia msichana hatarini hata pale ambapo mimba haikuwapo.

Elewa kwanza umemeza nini. Ndani ya P2, kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, mna homoni iitwayo levonorgestreli, na kazi yake ni kuchelewesha yai lisitoke kwenye ovari. Mbegu za mwanamume zinaweza kukaa hai mwilini mwako hadi siku 5 zikingoja yai, ilhali yai likishatoka halidumu zaidi ya siku moja. Dawa ikiwahi, yai halitoki na mbegu hufa zikingoja. Ikikuta yai limeshatoka, haina la kufanya. Haitoi mimba iliyokwisha kutunga, na haimdhuru mtoto ikiwa mimba ilikuwapo. Haikufanyi mgumba pia, ingawa neno hilo limezagaa mabwenini na saluni. Nimewazalisha wengi waliokuja kwangu wakilia kwamba P2 imewaharibia kizazi.

Kuwahi ndiko kwenye uzito wote. Mwaka 1998 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha utafiti wa Shirika la Afya Duniani juu ya dawa hii. Kati ya wanawake 976 walioimeza, 11 walishika mimba. Watafiti walikadiria kwamba dawa ilizuia mimba 85 katika kila 100 ambazo zingetunga. Kwa waliomeza ndani ya saa 24 ilizuia 95 katika 100. Kwa waliofika saa 49 hadi 72 ilishuka hadi 58. Kwa hiyo uliyemeza asubuhi yake, jipe moyo kwa haki. Uliyemeza siku ya tatu, usikate tamaa, ila usiache kupima.

Wapo pia wanaohangaika kwa sababu walichelewa kidonge cha pili. Vidonge viwili vya miligramu 0.75 vinaweza kumezwa pamoja kwa mara moja, na siku hizi pakiti nyingine zina kimoja tu cha miligramu 1.5. Kilicho muhimu zaidi ni kama ulitapika. Ukitapika kabla ya saa mbili tatu kupita, dozi inarudiwa.

Sasa tuje kwenye hizo siku zisizofika. Dawa iliyosogeza yai itasogeza na hedhi. Kwa wengi damu hufika karibu na tarehe yake, kwa wengine inawahi, kwa wengine inachelewa hadi juma zima. Unaweza kuona matone ya damu siku chache baada ya kumeza, kisha kimya. Matiti yanauma, kichefuchefu kinakuja, kichwa kinagonga, tumbo linanyonga. Binti anasoma dalili hizo moja moja na kila moja anaiita mimba, kumbe zote zinaweza kuletwa na homoni aliyoimeza. Na kinyume chake ni kweli pia, tena hiki nakisisitiza: yale matone ya damu si ushahidi kwamba umepona. Usishangilie kwa matone, wala usizimie kwa kichefuchefu. Mwili wako kwa majuma haya hauwezi kusomwa kwa macho.

Unasomwa kwa kipimo, na kipimo kina siku yake. Mkojo unaonyesha mimba kwa sababu ya homoni ambayo mwili huanza kuitoa baada ya mimba kujishikiza kwenye ukuta wa kizazi, na safari ya kufika hapo huchukua siku kadhaa. Ukipima kesho yake, au siku ya nne, utaona mstari mmoja hata kama mimba inatunga. Nimewaona mabinti wakimaliza pesa ya chakula kwa vipimo, wanapima asubuhi na jioni, na kila mstari mmoja unawatuliza kwa saa chache tu. Chukua kalenda. Weka alama siku mliyokutana kimwili, hesabu majuma matatu, yaani siku 21, kisha pima kwa mkojo wa kwanza wa asubuhi. Hedhi ikichelewa zaidi ya siku 7 kabla hujafika huko, pima, na hata ukiona mstari mmoja, rudia siku ya 21 ikifika. Jibu la siku hiyo unaweza kuliamini. Na kama hata hapo damu bado haijaja, nenda zahanati wakuangalie, kwa kuwa hedhi huzuiwa na mengi, ukiwamo huo usingizi unaoukosa.

Ni katika majuma hayo matatu ya kungoja ndipo hofu hufanya kazi yake mbaya. Inamwambia binti ameze P2 nyingine, na nyingine tena, eti kuhakikisha. Hazihakikishi kitu kwa tendo lile lile. Zinavuruga hedhi zaidi na kumwongezea hofu aliyokuwa anaikimbia. Kisha rafiki anamletea ushauri: majani ya chai yaliyokolea, maji ya majivu, bluu ya kufulia, mizizi isiyo na jina. Mwanangu, nakuomba kwa mikono miwili, usiweke vitu hivyo kinywani wala ukeni. Nimepokea wasichana waliounguzwa na vitu hivyo. Nimepokea waliopewa vidonge vya kutoa mimba vichochoroni bila hata kupimwa kwanza, wengine hawakuwa na mimba kabisa. Sikuyasahau majina yao.

Jambo jingine hamwambiwi mnapouziwa dawa. P2 haikulindi kwa tendo la kesho. Yai lililozuiwa halijafutwa, ni kama daladala iliyosimamishwa na trafiki, mbele kidogo itafika kituoni. Binti anameza Jumapili, anajiona salama, anakutana tena na mwenzake Alhamisi bila kinga, na hapo ndipo anaposhika mimba, kisha analaumu dawa ya Jumapili. Kama hamuwezi kukaa mbali, kondomu itumike hadi umeona hedhi, au hadi umeanzishiwa njia nyingine na kuambiwa lini inaanza kukulinda.

Na kama unatumia dawa za kudumu, sema dukani kabla ya kununua. Dawa za kifafa kama karbamazepini na fenitoini, rifampisini ya kifua kikuu, na efavirenzi iliyomo kwenye baadhi ya dawa za ARV, zote hupunguza nguvu ya P2. Mwenye mwili mkubwa sana naye inaweza isimfae vizuri. Kwa watu hao, na hata kwako wewe mwingine, kitanzi cha shaba kikiwekwa na mtaalamu ndani ya siku 5 kinazuia kuliko kidonge chochote: katika wanawake 100, hata mmoja ni nadra kushika mimba. Tena kinabaki kukulinda kwa miaka. Inanisikitisha kwamba wasichana wengi hawajawahi kuambiwa hivyo.

Maumivu makali ya tumbo la chini, hasa upande mmoja, kizunguzungu cha kukuangusha, maumivu ya bega yasiyo na sababu, damu isiyo ya kawaida: ukiyapata, usingoje siku ya 21. Huenda mimba imetunga nje ya kizazi, na hiyo huua. Nenda hospitali usiku huo huo, na uwaambie ukweli wote.

Kama hukuridhia tendo lile, kama ulilazimishwa, basi habari yako ni nyingine na aibu si yako. Ndani ya saa 72 unaweza kupewa dawa za kinga ya VVU, za kumeza siku 28, pamoja na P2 na matibabu mengine. P2 peke yake haizuii VVU wala kisonono wala kaswende. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, na aliye chini ya miaka 18 anaweza kupiga 116 bure.

Ninyi vijana wa kiume, sijawasahau. Kutuma pesa ya P2 kwa simu na kuandika "meza tuyamalize" si uanaume. Siku hizo 21 ni zako pia. Kaa naye, hesabu naye, nenda naye kliniki, na kondomu ivae wewe bila kuombwa. Aliyekimbia kabla ya jibu kutoka, binti yangu, amekupa jibu la swali jingine.

Na ikiwa siku ya 21 mistari ni miwili? Kaa chini kwanza. Usifanye uamuzi wowote usiku huo. Mwambie mtu mzima mmoja: mama, shangazi, dada mkubwa, mwalimu wa malezi, yeyote ambaye hasira yake hupita haraka kuliko upendo wake. Anza kliniki mapema. Kama u mwanafunzi, fahamu kwamba tangu Novemba 2021 serikali ya Tanzania iliruhusu wasichana walioacha shule kwa sababu ya ujauzito kurudi kwenye shule za mfumo rasmi. Nimezeeka nikiona wengi wakifukuzwa bila njia ya kurudi. Msikubali mtu awadanganye kwamba mlango ule bado umefungwa.

Ikiwa mstari ni mmoja, usifiche kipimo na kuendelea kama zamani. Nenda kituo cha afya juma hilo hilo, wakueleze habari ya kitanzi, kijiti, sindano na vidonge vya majira. Vituo vya serikali hutoa huduma hiyo bila malipo. Ukifika mapokezi, sema tu kwamba umekuja kumwona mtoa huduma wa uzazi wa mpango. Hulazimiki kueleza shida yako mbele ya foleni. Na ukikutana na muuguzi atakayekusimanga, nyamaza, omba uhudumiwe na mwingine, wala usirudi nyumbani mikono mitupu.