DARSA LA RAMADHANI, SIKU YA 14: Kuharakisha futari si kukimbiza chombo



Leo nina neno na wenye vyombo vya moto: boda, bajaji, hiace, gari binafsi. Na wewe abiria unayesema, "Kimbiza dereva, futari inapita."

Mnajua hali inavyokuwa Magharibi ikikaribia. Barabara kuu ya Mwanza–Musoma inapita katikati ya mji wetu wa Bunda. Watoto wametumwa dukani, kina mama wanarudi sokoni, mabasi yanapita, na boda anachomoka katikati yao. Ukimuuliza, anakujibu kuharakisha futari ni Sunna.

Kweli ni Sunna. Lakini maana yake jua likishazama usicheleweshe kufungua. Tende moja au funda la maji linatosha, hata ukiwa kando ya barabara. Mbona hata sala, iqama ikisikika, Mtume (s.a.w.) ametukataza kuiendea mbio? Na siku ya kutoka Arafa, aliposikia nyuma yake watu wakiwachapa ngamia, aliwaashiria watulie, akawafundisha kuwa wema hauko katika kukimbiza. Zote mbili amezipokea Bukhari. Jamani, ikiwa sala na Hija hazitaki mbio, uji na mihogo ndiyo itake?

Tupige hesabu. Kilomita 5 kwa mwendo wa 50, ambao ndio ukomo wa sheria kwenye makazi, ni dakika 6. Kwa 80 ni dakika 3 na sekunde 45. Umeokoa dakika 2 na robo tu. Lakini kwa 80, sekunde moja ya kushtuka chombo kimeshakwenda mita 22. Kwa 50 ni mita 14. Na mwendo ukiongezeka mara mbili, breki inataka umbali mara nne. Hapo bado hatujahesabu uchovu wa saumu. Mtoto anayevuka haijui hesabu hii. Wewe unaijua.

Usikimbilie kusema "ni kadari ya Allah" kabla hujajiuliza mguu wako ulikuwa umekanyaga nini. Surat An-Nisaa, aya ya 92, inamtaka aliyemuua muumini kwa kukosea alipe fidia kwa wafiwa na amwache huru mtumwa; asiyepata, afunge miezi miwili mfululizo. Huu mmoja tu tunauhesabu siku! Na hiyo miwili haimrudishi mtoto kwa mama yake.

Kazi ya leo: toka mapema. Weka tende na maji kwenye chombo. Abiria, mwambie dereva, "Taratibu, tutafika." Adhana ikikukuta njiani, simama pembeni, fungua, mshukuru Mola wako, kisha endelea polepole.

Ewe Allah, tufikishe salama, na usiifanye mikono yetu kuwa sababu ya msiba katika nyumba ya mtu. Aamin.

Mtumie na dereva unayemjua. Wassalaam alaykum.