DARSA FUPI, RAMADHANI 12: "Mwambie baba yako futari tayari"



Leo tuzungumzie kununiana. Tukisikia ugomvi wa ndoa tunafikiria makelele na majirani kuja kuamua. Lakini zipo nyumba hazina kelele hata kidogo, na wenyewe wana siku nne hawasemeshani. Baba anarudi magharibi inakaribia, mama yuko jikoni tangu alasiri na swaumu yake. Baba anafunua sufuria: "Leo tena mihogo?" Basi. Kuanzia hapo mtoto ndiye tarishi. "Mwambie baba yako futari tayari." "Mwambie mama yako nimeshiba." Na tarawehe wote wanakwenda, tena safu ya mbele!

Tazameni Mtume (s.a.w.) alivyoishi na Bibi Aisha (r.a.). Imepokewa katika Bukhari na Muslim kuwa alimwambia anajua anapokuwa radhi naye na anapokuwa amemkasirikia. Bibi Aisha akauliza amejuaje. Akamweleza kuwa akiwa radhi huapa kwa Mola wa Muhammad, na akiwa ameudhika huapa kwa Mola wa Ibrahim. Bibi Aisha hakukana. Alikiri, ila akasema anachokiacha ni jina tu.

Yaani Mtume wa Allah alimsikiliza mkewe mpaka akajua neno gani limebadilika! Wala hakumkaripia. Naye Bibi Aisha akapata nafasi ya kusema kwamba hasira ipo, lakini mapenzi hayajaondoka. Sisi hapo ndipo tunapokwama. Mwanamume anaona kuuliza "nimekuudhi nini?" ni kujishusha. Mwanamke anajibu "hakuna kitu" huku vyombo vinagongana, halafu anaudhika zaidi mume akiamini kweli hakuna kitu.

Na saa ya kuzungumza ichagueni. Dakika za mwisho kabla ya adhana ya magharibi ziacheni kabisa, njaa inasema kabla ya mtu. Mtume amemfundisha aliyefunga, akitukanwa, aseme kuwa amefunga. Tunamwambia hivyo dereva wa bodaboda barabarani, nyumbani tunasahau. Habari ya nguo za watoto za sikukuu na pesa isiyotosha, ngojeni baada ya tarawehe, watoto wamelala, simu zimewekwa pembeni. Sema lililokuudhi leo. La mwaka juzi liache, na mama mkwe usimguse.

(Nyumba yenye kipigo siiambii haya. Dada yangu, wewe usingoje saa nzuri ya maongezi, nenda kwa watu wako na umwone imamu.)

Wapo pia waliokwisha kuzungumza mara tatu, nne, na jambo halijaisha. Hao Qur'ani imewawekea njia, msuluhishi mmoja kutoka upande wa mume na mmoja upande wa mke, Suratun Nisaa aya ya 35. Kesho inshaallah tutaangalia nani anafaa kuwa msuluhishi, maana si kila mjomba anafaa.

Wabillahi tawfiq.