Maktaba ya Komini: Fadhila au Haki?

Je, mji unawiwa na wakaaji wake mahali pa kusomea? Lubumbashi, ambako kuna mitaa inayokaa bila maji ya Regideso wala umeme wa SNEL, swali hilo huonekana la anasa, na maktaba hubaki jambo la kumsubiria mfadhili. Naona kinyume. Chumba cha vitabu kilicho wazi kwa kila mtu wa Katuba, Kenya au Ruashi, pamoja na masomo ya jioni na vikao vya mtaa vinavyoweza kufanyika humo, ni deni la haki. Tukikigeuza kuwa fadhila tunaujeruhi mji, hata kama mtoaji ana moyo safi.

Historia ya mji huu wenyewe inashuhudia. Union Minière, kampuni ya uchimbaji wa shaba iliyoundwa mwaka 1906, ilimpa mfanyakazi nyumba, hospitali, shule ya watoto na mposho wa chakula. Watu wakasema kampuni njo baba, njo mama. Iliendelea hivyo baada ya kutaifishwa mwaka 1967 na hatimaye kuitwa Gécamines. Kisha uzalishaji ukaporomoka katika miaka ya 1990, na kuanzia 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondolewa kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Hata kabla ya hapo, mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu alikuwa amewaita wafanyakazi wa kampuni hiyo wana wa shaba walioachwa na baba yao. Kampuni haikuwa imetoa kidogo. Ilitoa kingi, lakini ilitoa kwa mapenzi yake na kwa faida yake. Aliyepokea kama mtoto hakuwa na mahali pa kudai kama raia. Huduma iliyo haki hutofautiana na ya hisani hapo hasa: haki hubaki na mwenyewe hata mtoaji anapochoka.

Wapo watakaosema maji kwanza, vitabu baadaye. Hoja hii ina uzito, kwa kuwa kiu haisubiri. Lakini inachukulia kwamba mahitaji ya binadamu hupanga foleni, na kwamba maskini anahitaji tumbo kabla ya akili. Mwaka 1965, André Yav na wenzake, waliokuwa watumishi katika nyumba za Wazungu, walitunga kwa Kiswahili cha hapa historia ya Élisabethville, yaani Lubumbashi kwa jina lake la zamani, kama walivyoiishi wao. Hawakungoja kushiba ndipo wafikiri. Isitoshe, maji yenyewe hudaiwa na watu wanaoweza kusoma bajeti ya komini, kuelewa sheria na kukaa pamoja kupanga neno la kusema. Maktaba ni mojawapo ya njia za kuyafikia maji.

Wengine watasema makanisa, chuo kikuu na Institut français pale Halle de l'Étoile tayari wanafanya kazi hiyo, na kwamba komini ikipewa fedha, zitaliwa. Wanaofungua milango wanastahili shukrani. Hata hivyo, mlango wa mwenzako una saa zake, masharti yake na lugha yake; mgeni hana sauti juu ya vitabu vinavyonunuliwa. Kuhusu fedha kuliwa, hofu hiyo ni ya kweli, ila dawa yake haiwezi kuwa kuacha kudai. Sadaka ikipotea, mpokeaji hana la kusema. Bajeti ya umma ikipotea, raia ana wa kumwuliza. Sheria ya Oktoba 2008 inaitambua komini kuwa chombo chenye baraza lake, na tarehe 20 Desemba 2023 wapiga kura wa miji mikuu ya mikoa walichagua madiwani wa komini. Basi madiwani hao waulizwe hadharani ni kiasi gani cha bajeti kimetengwa kwa chumba cha kusomea. Hata kiasi kikiwa kidogo, kikishaandikwa kinaweza kudaiwa mwaka hadi mwaka, na mtu aliyezoea kudai kitabu atajua pia kudai maji.