Alama Zilipopanda, Hakuna Aliyeuliza

Beverly Hall alizaliwa Jamaica, akahamia Marekani akiwa kijana, na mwaka 1970 akaanza kufundisha huko Brooklyn, New York. Kutoka darasani alipanda ngazi moja baada ya nyingine: mwalimu mkuu, naibu wa mkuu wa shule za jiji zima la New York, kiongozi wa shule za Newark, na mwaka 1999 akakabidhiwa shule za Atlanta. Mwaka 2009 alitangazwa kiongozi bora wa shule wa mwaka Marekani nzima. Walimu wangapi wameanza na chaki wakafika huko?

Nasimulia kisa chake bila kumcheka, maana sisi walimu tukipewa ofisi yenye zulia, hatukawii kusahau vumbi la chaki.

Huko Atlanta aliiwekea kila shule lengo la alama za mitihani. Shule iliyofikia lengo, wafanyakazi wake walipata bonasi. Mwalimu mkuu aliyeshindwa ndani ya miaka mitatu aliondolewa. Visingizio havikutakiwa. Alama zikapanda mwaka hadi mwaka, na yeye mwenyewe akalipwa bonasi zilizopita dola 500,000.

Dalili zilikuwepo tangu mapema. Katika mkutano wa walimu wote uwanjani, walimu wa shule zilizofaulu walikalishwa mbele, waliobaki wakasukumwa pembeni. Katika shule moja, mwalimu mkuu alimwamuru mwalimu mtu mzima kutambaa chini ya meza mbele ya wenzake, kwa sababu wanafunzi wake walipata alama za chini. Ndugu yangu, mahali ambapo mwalimu anafanyiwa hivyo, unadhani ataleta ukweli au ataleta alama?

Mwaka 2006 ofisi ya Hall ilipata taarifa kwamba katika shule mojawapo kulikuwa na udanganyifu. Mwalimu mkuu wa shule hiyo akaendelea na kazi, tena akisifiwa. Mwishoni mwa 2008 gazeti la jiji likauliza: inawezekanaje watoto wapande kiasi hiki kwa muda mfupi hivi? Ofisi ikajibu kwa kutetea takwimu. Hapa ndipo ninapojiuliza mwenyewe. Nimewahi kusimama mbele ya ubao wa matokeo, nikaona darasa lililokuwa nyuma limeruka ghafla, nikapiga makofi na wengine. Sikuomba kuona hata karatasi moja.

Julai 2011 ripoti ya wachunguzi wa jimbo la Georgia ikatoka. Kati ya shule 56 walizochunguza, 44 zilikutwa na udanganyifu. Walimu na wakuu 178 walitajwa, na 82 wakakiri. Kuna waliokusanyika nyumbani kwa mwenzao mwishoni mwa wiki, wakafuta majibu ya watoto na kuandika yaliyo sahihi. Kuna waliovaa glovu ili wasiache alama za vidole.

Wachunguzi walisema Hall alijua, au alipaswa kujua. Yeye alikana. Mwaka 2013 alishtakiwa pamoja na wenzake 34, lakini ugonjwa haukumpa nafasi ya kusimama kizimbani. Alifariki kwa saratani Machi 2, 2015, bila mahakama kumtia hatiani wala kumwachia huru. Mwezi uliofuata, 11 kati ya 12 waliofikishwa mbele ya baraza la wazee wa mahakama walikutwa na hatia.

Waliodhurika zaidi hawakuwa na bonasi. Mtoto asiyejua kusoma alipewa karatasi inayosema anajua, basi hakuna aliyemketisha kumfundisha upya. Na shule iliyoonekana imeinuka ilikosa fedha zilizotengwa kwa shule zilizo nyuma.

Mwenzangu uliyepewa cheo juzi, nakuomba kitu kidogo. Siku matokeo mazuri yatakapoletwa mezani kwako, kabla hujapiga simu kutoa pongezi, nenda darasani. Mwite mtoto mmoja, mpe kitabu, umwambie akusomee.