Pete Yenye Sura ya Mtu

Tulipokwenda Kericho kuwazuru ndugu zetu wa pwani waliohamia huko kwenye mashamba ya chai, kijana mmoja, karani wa mizani, alitutaka fatwa. Alikuwa na pete ya fedha aliyoirithi kwa babu yake, na kijiwe chake cha akiki nyekundu kimechorwa mtu akimkaba simba. Huyo ni Hercules, shujaa wa ngano za Wayunani. Je, yafaa kusali nayo?

Tulimjibu kwa ufupi. Mtume, rehema na amani zimshukie, alivaa pete ya fedha, na imepokewa kuwa kijiwe chake kilikuwa cha Kihabeshi. Aliifanya alipoambiwa kuwa wafalme hawasomi barua isiyo na muhuri, na nakshi yake ilikuwa maandishi, si sura ya kiumbe. Basi na aivue. Sala alizokwisha kusali hatumwambii azirudie.

Lakini alipokuwa akiifunga katika leso alitamka neno lililotushughulisha zaidi. Amepata mnunuzi, naye atamwambia kuwa pete ni ya zama za Warumi, apate karo ya dada yake. Tukamwuliza, wajua ni ya zama hizo? Akacheka: "Sijui, sheikh, lakini naye hajui."

Tukamhadithia habari za Stanisław Poniatowski, mwana wa kifalme wa Poland aliyekufa mwaka 1833. Aliacha vito vya kuchongwa vipatavyo 2,500, vingi vina ngano hizo hizo, vimetiwa majina ya mafundi wa kale. Vilipouzwa London mwaka 1839, shaka ilikwisha kuenea kuwa ni kazi ya mafundi wa zama zake mwenyewe, na ndivyo ilivyokuwa. Bei zikawa duni. Nao mafundi wale walikuwa hodari kweli. Kilichowavunjia kazi yao ni majina yasiyo yao.

Kisha tukamwuliza: mchumaji akikuletea kikapu, juu majani mawili na chipukizi, chini majani magumu yaliyotiwa maji, wafanyaje? "Nakimwaga chote." Mtume alitia mkono katika chungu ya nafaka sokoni, vidole vikapata umajimaji. Udhuru wa mwenye mali ulikuwa mvua, wala haukumfaa.

Karo ni haja, hatukuidharau. Tulichangishana msikitini usiku ule, hazikutosha. (Wanavyuoni wana maneno juu ya kuuza picha ndogo kama ile, tutayaeleza siku nyingine.) Asubuhi kijana alimwambia mnunuzi: umri wake siujui. Akapewa nusu ya bei.