Roketi ya Shaba na Mgeni Atakayebisha Hodi Juba

Juba iko karibu nyuzi 5 kaskazini ya ikweta. Kourou, katika Guiana ya Ufaransa, ambako Ulaya hurushia roketi zake, nako ni nyuzi hizo hizo. Kadiri unavyoisogelea ikweta, mzunguko wa dunia huipa roketi inayoelekea mashariki msukumo wa bure, na wafanyabiashara wa anga wanalijua hilo. Januari 2023 Djibouti ilitia saini makubaliano ya awali na kampuni ya Hong Kong kujenga kituo cha kurushia roketi huko Obock, kwa gharama iliyotajwa kuwa dola bilioni 1. Siku mgeni wa namna hiyo atakapobisha hodi Juba, naomba wenye kalamu ya kutia saini wawe wameshaisikia habari ya Shaba.

Katikati ya miaka ya 1970 mhandisi Mjerumani, Lutz Kayser, alianzisha kampuni binafsi iliyoitwa OTRAG. Hakutaka roketi moja ya fahari. Alitaka mabomba mengi ya chuma yanayofanana, kila moja na mafuta yake, yafungwe pamoja kama mzigo wa kuni. Valvu zake zilifunguliwa na mota za waipa za gari. Si wazo la kipuuzi: Kurt Debus, aliyekuwa mkuu wa Kennedy Space Center enzi za safari za mwezini, alikubali kuwa mwenyekiti wa bodi. Kilichokosekana ni ardhi. Mobutu, rais wa Zaire (Kongo ya leo), akawapa eneo la kama kilomita za mraba 100,000 huko Shaba, yaani Katanga, karibu mara mbili ya Rwanda na Burundi zikiunganishwa, hadi mwaka 2000.

Roketi ya kwanza ya majaribio ilipaa tarehe 17 Mei 1977, juu ya bonde la mto Luvua. Lakini miezi miwili kabla, wapiganaji kutoka Angola walikuwa wameivamia Shaba, na Mei 1978 wangerudi hadi Kolwezi. Katika hali hiyo, nani angeamini kwamba roketi ya Wajerumani ni ya setilaiti tu? Moscow ilidai Ujerumani Magharibi inaunda makombora mafichoni, jambo ililokatazwa na mikataba ya baada ya Vita Kuu ya Pili. Angola ilihofu. Ufaransa nayo haikuwa na sababu ya kumpenda mshindani wa bei nafuu, maana Ariane ilikuwa jikoni, ikaruka mara ya kwanza Desemba 1979.

Tarehe 5 Juni 1978 Mobutu mwenyewe alikuja kutazama. Roketi ikafeli mbele yake. Roketi kuanguka si ajabu. Za mataifa makubwa zimelipuka mara nyingi na kazi ikaendelea. Ila hizo zina serikali nyuma yake, na OTRAG haikuwa nayo. Aprili 1979 Mobutu aliamuru kazi isimame. Mkataba uliofungwa kwa neno la mtu mmoja ukavunjwa kwa neno lake. Kampuni ikahamia Libya ya Gaddafi, na huko shaka za wakubwa zikazidi.

Msidhani hayo ni ya zamani. Machi 2022, siku chache baada ya kuivamia Ukraine, Urusi iliitaka Uingereza iuze hisa zake katika kampuni ya setilaiti za intaneti, OneWeb, la sivyo haitarusha setilaiti 36 zilizokuwa tayari katika kituo cha Baikonur. OneWeb ilikataa, setilaiti zikabaki huko, na kampuni ikalazimika kuomba usafiri kwa SpaceX, mshindani wake, na kwa India.

Sisi wa Juba hatuhitaji kuelezwa sana. Januari 2012 tulifunga visima vya mafuta kwa sababu ya ugomvi na Khartoum kuhusu ada ya bomba, na zaidi ya mwaka ukapita kabla ya mafuta kutiririka tena. Mapato karibu yote ya serikali yalitegemea bomba hilo. Walioumia ni walimu na wauguzi waliongoja mishahara.

Basi mkataba wa roketi ukija, ufunguliwe bungeni kabla ya saini. Utaje nani atalipa siku serikali ya tatu, isiyo na saini yake pale, itakapokasirika. Na fedha za fidia ziwe zimeshawekwa benki kabla tingatinga la kwanza halijagusa mashamba ya watu.