JUMATANO: Wale Wasiofika

Soma Mwanzo 15:13–16 na Yoshua 14:6–14. Ibrahimu na Kalebu walitofautianaje katika kuipokea ahadi ya nchi ile ile?

Kila mwaka, kuanzia Oktoba, kereng'ende wengi huonekana katika visiwa vya Maldives. Ni ajabu, kwa kuwa visiwa hivyo karibu havina mito wala mabwawa, na kereng'ende hutaga mayai yake katika maji yasiyo na chumvi. Mwaka 2009 mwanabiolojia Charles Anderson alieleza kwamba wadudu hao ni wapita njia. Hutoka India wakisaidiwa na upepo, huvuka bahari hadi Afrika Mashariki, hutaga katika madimbwi ya mvua na kufa. Watoto wao hufuata mvua kwingine, na wajukuu vivyo hivyo. Kwa makadirio yake, mzunguko mzima huchukua vizazi vinne. Anayerudi India siye aliyeondoka.

Buabua wa Aktiki, ndege wa baharini mwenye uzito wa gramu 100 hivi, huenda mwenyewe na kurudi mwenyewe. Huzaa kaskazini ya mbali, huruka hadi bahari ya barafu ya kusini, kisha hurudi, mwaka baada ya mwaka.

Kalebu alifanana na buabua. Alitoka Misri kwa miguu yake, na akiwa na miaka 85 akapewa Hebroni. Nani asingependa utumishi wake uishe hivyo? Ibrahimu, kwa upande wake, aliambiwa waziwazi kwamba uzao wake ungerudi katika kizazi cha nne, yeye akiwa amekwisha kuzikwa. Alichomiliki ni shamba la Makpela, alilolinunua kwa shekeli 400 ili amzike Sara (Mwanzo 23).

Hapo mfano wa kereng'ende unapwaya. Mdudu hajui kwamba hatarudi, wala hahuzuniki. Mzee wa kanisa aliyeanzisha kundi chini ya mwembe, akaugua kabla jengo halijaezekwa, anajua. Si haki kumwambia asisikitike. Hata Musa alimsihi Mungu amruhusu kuvuka (Kumbukumbu la Torati 3:23–26). Lakini je, kazi yake ni pungufu kuliko ya yule aliyesimama mbele siku ya kuzindua? Shamba la Makpela liko Hebroni. Kalebu alipofika, kipande kimoja cha urithi huo kilikuwa kimekwisha kulipiwa.

Katika kundi lenu, ni nani aliyeanza kazi ambayo wengine waliimaliza? Je, jina lake bado linatajwa?